Kabla hujamwita wifi yako tasa, mpeleke kaka yako akapimwe



Wale mliozoea kutuuliza bei ya shela na mitindo ya kesha la hina, leo mtusamehe. Kuna jambo limetukaa kifuani siku nyingi na leo tunalitoa. Tumechoka kuona wanawake wa kisiwa hiki wananyweshwa kila kinachochemshwa, huku mume amekaa barazani anacheza karata, hajapimwa hata mara moja.

Sisi ni ndugu wawili, washonaji. Skuli tuliishia kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushoni, na nguo za maharusi ndiyo kazi inayotulisha sisi na watoto wetu. Mteja akija kupimwa hukaa nasi nusu saa, na mwanamke akishavua buibui na kuzungushwa futi kiunoni, na ulimi wake hulegea. Kwa hiyo tunayasikia mengi. Bi harusi tuliyemshonea mwaka juzi anarudi kupunguziwa magauni kwa sababu amekonda. Ukimuuliza, anasema: "Miaka miwili sasa, dada, sijashika mimba. Mavyaa ameanza maneno." Umepimwa? Amepimwa. Damu, mkojo, utrasaundi, na ile picha ya mirija ya uzazi iliyomtoa machozi. Na mume je? Hapo anatutazama kama tumemtukania mtu wake.

Tuanze na lawama zetu wenyewe, maana hatuna haki ya kuwasema wengine kabla ya kujisema.

Kaka yetu alioa. Harusi nzuri, na nguo zote tulishona sisi. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na sisi mawifi tukaanza. "Wifi, unakula nini? Wifi, mbona tumbo bapa?" Tulikuwa tunacheka, eti utani. Mama akasema ana chango, tukamtafutia dawa ya chango. Mtu mwengine akasema ana jini mahaba hataki azae, akapelekwa kusomewa, akanyweshwa kombe wiki tatu. Alipelekwa mpaka Pemba kwa bibi mmoja wa mitishamba, akarudi anaharisha siku nne. Mwaka wa nne tukamwambia kaka wazi wazi: huyu tasa, unasubiri nini? Talaka ikatoka. Sisi tuliosema maneno hayo ndio hawa hawa mnaotusoma.

Kaka akaoa tena. Miaka miwili, kimya. Mama akaanza kutafuta jini jipya. Lakini huyu wa pili alikuwa na shangazi mkunga, na akasema neno ambalo yule wa kwanza hakuthubutu kulisema: "Sinywi dawa ya mtu mpaka mume wangu apimwe mbegu." Nyumba ilitaka kuanguka siku ile. Sisi tulimwona hana adabu. Leo tunamwombea dua.

Kaka alikwenda kwa kuchukia. Majibu yakaja: mbegu milioni 4 kwa mililita moja, na nyingi zilizokuwapo hazendi mbele. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha vipimo cha mwaka 2021, limeweka mpaka wa chini kuwa milioni 16 kwa mililita, na mbegu zinazotembea zisipungue 42 katika 100. Akarudia kipimo baada ya wiki kadhaa, maana kimoja hakitoshi, na majibu yakawa karibu yale yale. Daktari akamwambia asimame, akamshika korodani, akamwambia avute pumzi na akaze tumbo kama mtu anayekwenda chooni. Kushoto, juu ya korodani, kukavimba fungu la mishipa kama kamba zilizoviringana. Kwa kimo ilikuwa daraja la tatu, yaani ile inayoonekana kwa macho bila hata kugusa. Ikaitwa varikosili.

Sasa sikilizeni, na anayeona haya ajifunike mtandio lakini aendelee kusoma.

Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu maalumu. Mbegu za kiume hazitengenezwi vizuri kwenye joto la ndani la mwili, zinataka mahali penye ubaridi wa nyuzi mbili mpaka nne chini ya hapo. Damu ikishafanya kazi yake kwenye korodani inarudi juu kwa mishipa, na ndani ya mishipa ile mna vilango vya kuizuia isiporomoke. Vilango vikilegea, damu inarudi chini, inatuama, na mishipa inatanuka. Ni kama ile mishipa ya bluu inayowatoka kina mama miguuni, ila hii imetoka mahali pengine. Damu ikituama, joto linapanda na taka zinakaa, na kiwanda cha mbegu kinaharibika kidogo kidogo. Mara nyingi inakuwa kushoto, kwa sababu mshipa wa kushoto una safari ndefu zaidi na unaingia kwenye mshipa wa figo kwa pembe kama ya T, wakati wa kulia unaingia kwa mteremko kwenye mshipa mkubwa.

Wala si ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Katika wanaume 100, kama 15 wanao. Na ukienda kwa wale waliofika hospitali kwa kukosa mtoto, wanafika 35 mpaka 40 katika 100. Hutokea wakati wa kubalehe, na wengi hawasikii chochote. Wengine wanasikia uzito na maumivu ya kuvutavuta, hasa wakisimama sana au wakinyanyua mzigo, na wakilala chali yanapoa. Kaka yetu ni mwashi. Tangu yuko kijana akirudi kazini hulala na miguu juu ya ukuta, na sisi sote tulijua "ana mshipa". Miaka yote ile! Mama alimkandia kwa maji moto, na hilo joto ndilo haswa lisilotakiwa.

Na hapa lugha yetu wenyewe imetudanganya. Kwetu sisi kila kitu cha pale chini ni "mshipa" au "ngiri". Ngiri ni utumbo unaoshuka penye tundu la misuli. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko, na kwetu pwani mengi yake yaliletwa na mbu, yale yale ya matende. Unguja na Pemba tulianza kugawiwa dawa zake tangu 2001, na wanaume walipanga foleni kuzimeza bila haya. Varikosili ni kitu cha tatu, ni mishipa ya damu. Mganga anayekwambia anatibu vyote vitatu kwa chupa moja anatibu mfuko wake.

Kwa nini mwanamme anakubali kumeza dawa ya busha mbele ya watu, lakini kupima mbegu hataki? Tumelifikiria sana hili. Tunaona sababu ni kwamba akiambiwa "kapime", anasikia "wewe hanithi". Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu mwenye varikosili kwa kawaida anasimama vizuri, anamtosheleza mke wake na manii yanatoka kama kawaida. Huwezi kujua kwa macho kama ndani yake mna mbegu milioni 4 au milioni 60, hilo linaonekana kwa darubini tu. Kwa hiyo dada, mume wako akikwambia "mimi mzima, wewe mwenyewe shahidi", mjibu kwa upole kwamba ushahidi wako haufiki huko.

Na hata yule mwenye mtoto mmoja asijivune. Hali hii inaweza kuzidi kadiri miaka inavyokwenda, na mtu aliyezaa akiwa na miaka 24 akashindwa akiwa na 34. Tunao wateja wanaoambiwa "mume ana mtoto nje, tatizo lako wewe". Mtoto wa mwaka 2012 si kipimo cha leo.

Kuna wanaotuletea dini katika jambo hili, na sisi tunawarudishia dini. Tazameni Suratu Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50. Mwenyezi Mungu ametaja kwamba anampa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, wengine wote wawili, na anamfanya amtakaye asizae. Amtakaye. Hakutaja mwanamke. Tazameni na Suratu Maryam, Nabii Zakariya alayhi salaam alipomwomba Mola wake kwa sauti ya siri. Alianza kutaja udhaifu wa mifupa yake mwenyewe na mvi zake, na mkewe akamtaja baada ya hapo. Mtume wa Allah alianza na nafsi yake, na kaka zetu wa hapa mtaani wanaanza na mke, wanamaliza na mke, kisha wanakwenda kumposa mwengine. Na kutafuta tiba tumeamrishwa. Hadithi ya kwamba kila maradhi yana dawa yake tunaisoma madrasa tangu wadogo, halafu tukiwa wakubwa tunaikumbuka kwa upande wa wanawake tu.

Wanaume wengine wanakwama kwenye namna ya kutoa manii, wanasema ni haramu. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kwa haja ya tiba, na bora iwe kwa msaada wa mke wake wa halali. Vipo na vipira maalumu visivyo na dawa ya kuua mbegu, ambavyo mume anaweza kuvitumia akiwa na mkewe. Muulizeni shekhe mnayemwamini, lakini muulizeni kweli, msiifanye haramu kuwa maficho. Mambo mengine ni madogo: akae siku mbili mpaka saba bila kutokwa na manii, chombo wapewe na maabara, na manii yafike ndani ya saa moja yakiwa na joto la mwili, mfukoni au kwapani, si kwenye barafu kama samaki. Anayekaa mbali na mjini aulize kama kuna chumba hapo hapo maabara.

Tuje kwa wauzaji. Sisi wafanyabiashara, tunajua kuuza, kwa hiyo tunawajua wauzaji wenzetu. Unga wa nguvu za kiume, asali yenye kitu ndani, matone ya kuongeza mbegu ndani ya siku saba. Mbegu moja inachukua kama siku 72 tangu kuanza mpaka kukamilika. Siku saba zinaongeza nini? Hakuna unga unaokwenda kufunga mshipa uliotanuka. Na lipo la hatari zaidi: vijana wanaochomwa sindano za homoni ya kiume ili wajae misuli. Homoni hiyo ikitoka nje, mwili unaona inatosha na unazima kiwanda chake. Mbegu zinaweza kupungua mpaka zikaisha kabisa. Kijana ana kifua kama mlango wa Kizanzibari, mbegu hana.

Na kwa kuwa sisi washonaji, mtatuuliza kuhusu suruali za kubana. Nguo ya kubana haileti varikosili. Lakini joto ni joto, na mwanamme anayetafuta mtoto bora avae kilicho huru. Kikoi na kanzu ya wazee ilikuwa na maana yake. Msije mkasema tumekuja kuuza kanzu, ingawa tunashona.

Tiba ipo, na tutasema ukweli wake bila sukari. Si kila mwenye varikosili anahitaji kupasuliwa. Ikiwa mbegu zake ni nzuri na hana maumivu, anaachwa. Ikiwa ni ndogo mno, haishikiki kwa mkono na inaonekana kwa utrasaundi tu, kuifunga kwa kawaida hakusaidii, na daktari anayekimbilia kisu hapo aulizwe maswali. Anayefaa kufungwa ni yule ambaye inashikika, mbegu zake zimeharibika na ndoa inakosa mtoto. Hukatwa kidogo karibu na kinena, mishipa iliyotanuka inafungwa na ule unaoleta damu safi unaachwa, na wenye mashine wanafanya kwa darubini ili wasikosee. Kwengine wanaziba mshipa kwa ndani kwa kupitisha mpira mwembamba. Mtu hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake, na mizigo mizito anaiacha kwa wiki kadhaa. Inaweza kurudi, na maji yanaweza kujaa pembeni. Kwa wengi, kama sita au saba katika kumi, mbegu zinapata nafuu. Nafuu ya mbegu haina maana ya mtoto kwa hakika, na mtu anayekuhakikishia mtoto mkimbie.

Jambo moja la kutisha tulitaje haraka: mishipa ikitokea kulia peke yake, au ikitokea ghafla ukubwani, au haipungui hata akilala, asikae. Panaweza kuwa na kitu tumboni au kwenye figo kinachobana, na hilo linahitaji kuangaliwa mapema.

Kaka alifanyiwa Dar es Salaam. Boti, operesheni, wiki moja kwa ndugu, na kurudi. Baada ya miezi mitatu akapima, milioni 9. Baada ya miezi minane, milioni 19. Mpaka tunaandika haya mkewe hajashika mimba, na hatutamuuliza. Tumejifunza kufunga midomo yetu. Tunachojua ni kwamba wanangoja wawili, mume anajua sehemu yake, na mke hanywi mchemsho wa mtu.

Yule wifi yetu wa kwanza aliolewa. Mwaka wa pili wa ndoa yake alijifungua mtoto wa kike. Hatukuambiwa, tulimwona sokoni amembeba. Ramadhani iliyopita tulifunga duka mapema tukaenda kwake kumwomba radhi. Alitutilia chai, akatuwekea na kaimati, mtoto akatuchezea mitandio. Akasema: "Nimekusameheni kwa ajili ya Mungu. Lakini ladha ya ile dawa ya Pemba bado ninayo kinywani." Hatukuwa na la kumjibu. Tulimuuliza kama tunaweza kuyaandika haya, na kaka pia tulimuuliza, na wote wamekubali bila kutajwa.

Kwa hiyo tunasema nanyi, mavyaa na mawifi, kabla ya maharusi. Mwaka mmoja wa ndoa ukipita bila mimba, na mke na mume wanakaa pamoja, waende wote wawili, siku moja, mlango mmoja. Mke akiwa na miaka 35 na zaidi, wasingoje mwaka, miezi sita inatosha. Kipimo cha mume kiwe cha mwanzo. Ni chepesi, hakiumi, hakiingizwi bomba. Mwanamke anaanza kufunguliwa, kuchomwa na kupigwa picha kabla mwanamme hajatoa hata kikombe kimoja! Mahesabu ya wapi hayo? Katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu yake mume naye ana sehemu, peke yake au pamoja na mke. Tumekuwa tukitafuta upande mmoja wa nguo, na pindo limefumuka upande wa pili.

Nanyi maharusi. Somo anakufundisha kila kitu: kujisinga, kufukiza udi, kumpokea mume kwa tabasamu. Ni mambo mazuri, hatuyakatai. Lakini mwombe somo wako akufundishe na kusema "twende sote". Uliseme mapema, wakati mnapendana na hakuna aliyelia bado. Mwambie mchumba wako kupitia kaka yako au mjomba, kama haya zinakuzuia, kwamba ikitokea kuchelewa mtapimwa wote. Atakayekasirika kwa neno hilo kabla ya ndoa, amekuonyesha atakavyokuwa baada yake.

Dukani kwetu tumeanza jambo dogo. Mteja akitusimulia habari hizi, tunamwandikia nyuma ya risiti maneno matatu, "kipimo cha manii", ampe mumewe. Baadhi wanazichana njiani, tunajua. Wengine wamerudi kutuambia majibu.

Mama yetu bado anasema lilikuwa jini. Hatubishani naye, ni mama. Lakini kaka alipokuwa anakwenda kupima mara ya mwisho, aliyetoa nauli ni yeye, akaifungua kwenye pindo la kanga na kumpa bila kusema kitu.